HIFADHI YA ULIMI NA HIFADHI YA FAHAMU

Sifa zote njema zina Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Liko swali linaloulizwa sana katika miji ya mwambao, tangu Kunduchi na Mbweni hata Bagamoyo, na kutoka Bagamoyo hata Saadani na Pangani. Mtu alitiwa chuoni utotoni, akasoma alifu na be, akasoma juzuu zake, akahitimu, akafanyiwa karamu na wazee wake. Kisha akashika kazi, huyu bahari, huyu shamba, huyu duka, ikapita miaka thelathini. Leo akiufungua msahafu ulimi unakwama, na kwa ghibu hana ila sura fupi anazosalia. Je, kile alichosomeshwa kimepotea? Na ikiwa kimepotea, je, ana dhambi?

Swali hili halikukaa peke yake, limezaa ugomvi. Wako wasemao: faida gani kumkaririsha mtoto maneno asiyoyajua maana, na mwisho wake ni kuyasahau? Na wako wajibuo kwa ukali: maana ni kazi ya maulamaa, kazi ya mtoto ni kuhifadhi tu, akihifadhi amekwisha. Makundi haya mawili yanateta, walakini yameteleza mahali pamoja. Yote mawili yamedhani kwamba hifadhi ni kitu kimoja, kama maji ndani ya mtungi, ama yamo ama hayamo.

NI HIFADHI MBILI

Jua, ewe msomaji, ya kuwa hifadhi ni mbili. Ya kwanza ni ya dhahiri. Mtu huiita naye akijua kwamba anaiita; akiulizwa jambo hujibu, na husema jambo hili nimelisoma kwa fulani, katika kitabu fulani, na kabla yake liko hili na baada yake liko hili. Ya pili ni ya batini, yaani iliyofichika. Hii haiji kwa kuitwa, huonekana katika kitendo, na mwenyewe haishuhudii. Neno batini hapa lisichukuliwe kwa maana ya mashekhe wa tarika, wala kwa maana ya wale waliotoka katika njia kwa kudai kwamba kila aya ina siri inayoivunja dhahiri yake. Makusudio ni hifadhi ambayo mwenyewe haioni, basi.

Mfano wake uko pwani kila siku. Mvuvi hufunga kamba ya ngalawa gizani, upepo unavuma, mkono wake haukosei. Mwambie akuambie kwa maneno, kamba inapita wapi kwanza na wapi pili. Atasimama, atatazama mikono yake, na pengine atakuomba kamba ili afunge kisha ajitazame. Mkono unajua, na ulimi hauna habari. Na kinyume chake kipo pia: kijana aliyesoma mambo ya tanga na pepo katika karatasi, akiulizwa hujibu vizuri, na akipewa kamba hufunga fundo linalofunguka.

Maulamaa wa fikihi hawakuyapa mambo haya majina hayo, lakini hukumu zao zinaonyesha kwamba waliyajua. Tazama mas-ala ya Fatiha katika madhehebu ya Imamu Shafii. Fatiha ni nguzo, na kila herufi yake yatakiwa. Mtu akiisha kuisoma yote, kisha ikamwingia shaka kwamba huenda aliacha herufi au neno, shaka hiyo haimdhuru, kwa kuwa dhahiri ya mambo ni kwamba imepita timamu. Ama akitia shaka katika asili ya kuisoma, aliisoma au hakuisoma, basi ni lazima aisome. Kwa nini kuwe na tofauti? Kwa sababu Fatiha ina herufi nyingi, na mwenye kuisoma hazihesabu moja moja. Ulimi uliozoea ukianza hupita mpaka mwisho. Moyo wake haukushuhudia kila herufi, na pamoja na hayo sheria imeuamini mwendo wa ulimi. Lakini katika kujua kwamba alianza au hakuanza, ulimi si shahidi, hapo panatakiwa ukumbusho wa dhahiri.

HABARI YA MTU ALIYEPOTEWA NA MOJA, IKABAKI YA PILI

Waliochunguza elimu ya nafsi katika nchi za Magharibi walizitenganisha hifadhi hizi mbili kwa sababu ya msiba wa mtu mmoja. Alikuwa Mmarekani, jina lake Henry Molaison, aliyezaliwa mwaka 1926. Alikuwa na kifafa kikali, na mwaka 1953 waganga walimpasua kichwa wakaondoa sehemu ya ubongo wake pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza kushika jambo jipya. Aliyekuja kumwona akatoka, akirudi baadaye, alikuwa kwake ni mgeni. Alikaa hivyo mpaka alipokufa mwaka 2008.

Basi bibi mtaalamu, Brenda Milner, alimpa kazi ya kuchora nyota naye akiutazama mkono wake katika kioo tu. Kazi hii ni ngumu, kwa kuwa kioo hugeuza mambo, na mkono huenda usipotakiwa. Molaison alifanya siku tatu, na kila siku makosa yake yalipungua hata akachora vizuri. Na kila siku alipoletewa kioo alisema kwamba kazi hiyo hakuifanya kamwe. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1962. Mkono ulisoma na ukashika, na mwenye mkono hakujua kwamba amesoma.

Yaliyofuata yanamhusu zaidi mtu wa chuo. Mwaka 1984 Graf na Squire na Mandler waliwaonyesha maneno watu wenye maradhi ya namna hiyo, kisha wakawapa herufi tatu za mwanzo wa kila neno. Walipoambiwa, kumbukeni neno mliloonyeshwa, walishindwa, wakawa nyuma sana ya watu wazima wa afya. Walipoambiwa, malizeni kwa neno lolote lijalo kwanza katika akili, walilitoa neno lile lile walilolisoma, sawasawa na wenye afya. Neno lilikuwamo. Likiulizwa haliji, likianziwa, hutoka lenyewe.

Kila aliyesali tarawehe nyuma ya imamu anayesoma kwa ghibu amekwisha kuliona jambo hili kwa macho yake. Imamu husimama katikati ya aya, hapiti. Anarudi nyuma kidogo, anaanza tena, anafika pale pale, anasimama. Mtu wa safu ya kwanza humfathia neno moja, na pengine nusu ya neno, na mara ulimi wa imamu huondoka kama jahazi lililokatiwa kamba, unakwenda kurasa nzima. Lile neno moja halikumfundisha kurasa nzima. Zilikuwamo, zilingoja kuanziwa. (Na mwenye kumfathia imamu na akusudie kusoma, au kusoma pamoja na kumjulisha. Akikusudia kumjulisha tu, sala yake hubatilika kwa madhehebu yetu, na wengi wanaofanya haraka ya kufathia hawaliangalii hili.)

KINA CHA KUSOMA

Tumefika kwenye kiini. Ikiwa hifadhi ni mbili, je, kusoma kwa kina huzizidisha zote mbili?

Mwaka 1972 Craik na Lockhart walisema kwamba kushika kwa mtu hufuata kina alichosomea. Anayetazama umbo la herufi amekaa ufukweni. Anayesikiliza sauti ameingia majini mpaka kiunoni. Anayezingatia maana amepiga mbizi. Mwaka 1975 Craik na Tulving wakalijaribu. Watu walionyeshwa neno moja moja, na kila neno likaja na swali lake: limeandikwa kwa herufi kubwa? Linapatana kwa sauti na neno fulani? Linaingia katika maana ya sentensi hii? Hawakuambiwa kwamba wataulizwa baadaye. Walipoulizwa, maneno yaliyosomwa kwa maana yalikumbukwa zaidi, na ya umbo tu yalipotea zaidi. Wakaongeza jambo ambalo kila mwalimu wa chuo analihitaji: walitoa kazi ya umbo iliyo ngumu, yenye kuchukua muda mrefu kuliko kazi ya maana. Muda ule mrefu haukusaidia, na maneno ya maana yakabaki mbele. Basi urefu wa muda si kina. Mtoto aweza kukaa juu ya ubao tangu asubuhi hata adhuhuri, naye bado yuko ufukweni.

Mpaka hapa wasemao "maana kwanza" watafurahi. Na wasubiri kidogo. Mwaka 1981 Jacoby na Dallas walifanya kama hivyo, maswali ya herufi na ya sauti na ya maana, kisha wakawajaribu watu kwa njia mbili. Baadhi waliulizwa: neno hili mmeliona au hamkuliona? Hapa kina kilifaa, kama ilivyotangulia. Wengine hawakuulizwa habari ya kukumbuka. Neno lilipitishwa mbele ya macho yao kwa muda mfupi mno, wakaambiwa walitaje. Waliyataja maneno waliyokwisha kuyaona kwa wepesi kuliko mapya. Lakini wepesi huo ulikuwa sawa, neno lilisomwa kwa herufi, au kwa sauti, au kwa maana. Kina hakikuzidisha kitu. Kilichofaa ni kwamba jicho lilikwisha kupita juu ya neno lile. Mwaka 1985 Graf na Schacter wakazipa hifadhi hizi majina yake yaliyoenea leo kwa wachunguzi, ile ya wazi na ile isiyo wazi.

Wengine baadaye waliona athari ndogo ya kina hata katika hifadhi iliyofichika, na ikiwa jaribio lenyewe ni la maana, kwa mfano mtu kuombwa ataje vitu vya jinsi moja vinavyomjia, basi kina kina kazi hapo. Lakini kwa jumla kauli imesimama: kina ni chakula cha hifadhi ya dhahiri; hifadhi ya batini hula kukariri na kuzoea, na maana huiongezea kidogo au haiiongezei kitu.

Tanbihi. Mwenye elimu atasema: hii ni kiasi chenye tofauti. Wao walijaribu neno moja moja lililoonyeshwa mara moja, na mtu wa chuo amekariri aya nzima mara mia. Haya si mamoja. Asema kweli. Kuitambua sura ya neno ni jambo moja, na ulimi kuzoea mwendo wa aya ni jambo jingine lililo karibu zaidi na mkono wa Molaison katika kioo. Kwa hiyo majaribio haya hayachukuliwi kama dalili ya kukata katika chuo. Yachukuliwe kama taa: yanaonyesha mlango uko wapi, na aliye ndani ya nyumba atazame mwenyewe.

Na taa nyingine iliwashwa mwaka 1977 na Morris, na Bransford, na Franks. Walionyesha kwamba aliyesomea maneno kwa sauti, akija kuulizwa kwa sauti, humshinda aliyesomea kwa maana. Basi kina si bora katika kila hali. Kusoma hufaa kwa kadiri kunavyofanana na jinsi utakavyotakiwa kukitoa ulichosoma. Atakiwaye kusalisha hana budi kuzoeza ulimi. Atakiwaye kujibu mas-ala hana budi kuzama katika maana. Na anayetakiwa yote mawili asitumaini kwamba moja litamletea jingine.

CHUO CHA PWANI

Sasa tukitazame chuo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda katika Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1927, ameeleza katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichopigwa chapa mwaka 1903 namna watoto walivyopelekwa kwa mwalimu na kusomeshwa. Asili ya njia hiyo bado iko katika vyuo vingi: herufi, kisha irabu zake, fataha na kasra na dhumma, kisha kuunganisha, kisha Fatiha na sura fupi kutoka mwisho wa msahafu kurudi juu. Sauti za watoto wote huenda pamoja. Mwalimu husikiliza, na anayekosea hujulikana katikati ya makelele.

Njia hii imetukanwa sana, na kwa dhuluma. Ukiipima kwa hifadhi ya batini, haina mshindani. Huzoeza jicho umbo la herufi na sikio sauti yake na ulimi makharaja yake, katika umri ambao ulimi ni laini. Mtu mzima aliyeanza Kiarabu na miaka arobaini huijua maana ya dhadi na hawezi kuitoa. Mwana wa chuo aliitoa na miaka sita, naye hajui kwamba ni vigumu.

Lakini upungufu wake nao uko wazi, na Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliusema katika Mukaddima yake. Alieleza kwamba watu wa Maghribi waliwafungia watoto wao katika Qurani peke yake, hawakuchanganya nayo lugha wala fikihi wala mashairi, na matokeo yake malaka ya lugha haikuwapatikania. Alitaja tena rai ya kadhi Abu Bakr ibn al-Arabi wa Andalusi, ya kutanguliza lugha na hesabu kabla ya Qurani. Akaisifu rai ile, kisha akasema ada za watu haziikubali. Nao wana udhuru, kwa kuwa mtoto akicheleweshwa huenda akakua akatoka mkononi mwa baba yake, asiipate Qurani kabisa. Hayo ni maneno ya mtu mwadilifu: aliona aibu ya njia, akaona na sababu ya watu kuishika. Alisema pia katika kitabu hicho kwamba watu wengine hutumia umri katika kuhifadhi kuliko inavyohitajiwa, wakawa katika baraza za elimu ni watu wa kunyamaza, hawawezi kusema wala kujadiliana. Wazee wa pwani wanawajua watu hao kwa majina, na si lazima kuwataja.

Upungufu wa hifadhi ya ulimi peke yake hauonekani ila pale aya zinapofanana. Ulimi hujua njia, haujui mahali ulipo. Katika Surat Rahman aya moja imekaririwa mara 31. Msomaji wa ulimi akifika pale ni kama mpita njia aliyefika njia panda yenye midomo thelathini na moja, na mara nyingi hutokea kwingine akaruka bustani mbili au akazirudia. Katika Mursalat vivyo hivyo, mara kumi. Na mfano ulio mwembamba zaidi ni kisa cha Nabii Musa na jiwe. Katika Surat Bakara maji yametajwa kwa neno fanfajarat, na katika Aarafu kwa neno fanbajasat. Mwenye hifadhi ya ulimi hulitia hili mahali pa lile, na akikosolewa leo atalirudia kosa Ramadhani ijayo, kwa sababu maneno yote mawili ulimi umeyazoea na mwendo wake ni mmoja.

Mwalimu aweza kumkaririsha mara mia. Au aweza kumwambia jambo hili mara moja: katika Bakara ni Musa mwenyewe aliyemwomba Mola wake maji kwa ajili ya watu wake, katika Aarafu watu ndio waliomwomba Musa. Na baadhi ya wafasiri wamesema kwamba infijari ni kububujika kwa nguvu, na imbijasi ni maji kuanza kutoka. Basi palipotajwa ombi la Nabii kwa Mola wake pametajwa maji mengi. Mtoto wa miaka kumi akiambiwa hivi hasahau, na siku ya kusalisha akili yake itamshika mkono ulimi wake katika njia panda. Hiki ndicho kina, na hiki ndicho kipimo chake: si kumfundisha mtoto tafsiri yote, bali kumpa maana pale ambapo ulimi peke yake hauwezi kujiongoza.

Wazee wa pwani walipoanza kuandika dini kwa Kiswahili walikuwa wakiuziba upungufu huu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, aliandika vitabu na gazeti la Al-Islah mwaka 1932 ili watu wafahamu wanachokisoma. Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy alikamilisha kuifasiri Qurani nzima kwa Kiswahili, ikapigwa chapa mwaka 1969. Kabla ya hayo, mtu ambaye hakufika darsa za msikitini alikuwa na ulimi bila fahamu, wala hakuwa na mlango wa kuingilia. Na Bagamoyo yenyewe ina Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Aliletwa pwani mtumwa kutoka upande wa Kongo, hakuzaliwa katika nyumba ya elimu. Alisoma kwa mashekhe akazama, hata akawa mwalimu na khalifa wa tarika ya Kadiria ambaye watu walimjia kutoka mbali. Anayedai kwamba aliyekosa kuanza vizuri hana mlango, na aende Bagamoyo akaulize.

JAWABU LA MWENYE KUSAHAU

Turudi kwa mtu wetu wa miaka thelathini. Kwanza, na ajiulize alikuwa na nini. Wengi wa waliohitimu katika vyuo vyetu waliusoma msahafu kwa kutazama toka mwanzo hata mwisho, na kwa ghibu walishika juzuu ya Amma na Yasini na kidogo zaidi. Mtu huyo asijilaumu kwa kusahau asichokihifadhi. Asili ya maneno ya mafakihi katika mlango wa kusahau Qurani ni juu ya aliyehifadhi.

Ama aliyehifadhi, madhehebu yameikaza. Imamu Nawawi katika Raudha amelitaja jambo la kuisahau Qurani katika madhambi makubwa, ingawa hadithi inayotajwa hapo, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, sanadi yake imesemewa, na Tirmidhi mwenyewe ni katika walioisemea. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufananishia Qurani na ngamia aliyefungwa kamba, mwenyewe akimwangalia hukaa, akimwachilia huenda zake. Lakini ni kusahau gani? Wako katika maulamaa wa baadaye wa madhehebu waliofafanua kwamba kusahau kunakolaumiwa ni kule ambako mtu hawezi kuirudia hali yake ya kwanza ila kwa taabu mpya na mashaka, kwa kuwa imetoka kabisa katika hifadhi yake. Ama ambaye akirudia kidogo humrudia, huyo hakusahau kwa maana hiyo. Na aliyesahau kabla ya kubaleghe kalamu haikumwandikia, na aliyeondolewa hifadhi kwa maradhi au uzee mkubwa ana udhuru.

Tazama jinsi kipimo hiki kilivyo makini. Hawakusema: muulizeni, unakumbuka? Walisema: arudie, kisha taabu yake ipimwe. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alitangaza kipimo kama hicho hicho. Alikariri orodha za sauti zisizo na maana, akaziacha mpaka nyingine asiweze kuzitaja, kisha akazikariri tena akahesabu muda uliopungua. Upungufu ule wa taabu ndio ushahidi wa kilichobaki. Mafakihi walitangulia, na hawakuwa na saa ya kuhesabia.

Na iko habari inayomfaa zaidi mzazi wa chuo. Mmarekani aliyeitwa Burtt alimsomea mwanawe mchanga, tangu miezi kumi na mitano hata miaka mitatu, vifungu vya Kiyunani cha kale, kila siku, lugha ambayo mtoto haijui. Mtoto alipofika miaka minane na nusu akapewa akariri vifungu vile pamoja na vipya. Vya zamani vilimchukua kukariri mara 317, na vipya mara 435. Hakuwa na ukumbusho wowote wa kusomewa, na hakujua maana ya neno moja. Lakini kitu kilibaki. Alipofika miaka kumi na minne akapewa vifungu vingine ambavyo havijarudiwa, na faida ilikuwa imepungua mno. Alipofika kumi na minane ilikuwa kama imekwisha. Burtt alitangaza hayo mwaka 1941. Mtoto mmoja si dalili ya kukata, ila habari ina nyuso mbili, na mwenye kuichukua azichukue zote: maneno yasiyo na maana hubaki chini, na yasiporudiwa huisha. Wala mtoto yule hakuwa akisali kwa maneno yale mara tano kwa siku.

Basi mwenye kutaka kurudi asianze kwa kujihoji, kwa kufunga msahafu na kusema, nitajaribu nione nakumbuka nini. Anaiuliza hifadhi ya dhahiri habari za kitu ambacho hakikuwekwa kwake, nayo itasema hakuna, naye atakata tamaa na kuufunga msahafu mwaka mzima. Aanze kwa sikio. Akae karibu na msomaji mwema baada ya sala ya alfajiri au ya isha, ausikilize usomaji, aufuate kwa midomo bila kutanguliza. Ulimi utaanza kuwahi neno kabla halijafika; hapo ajue kwamba limo. Kisha asome kwa kutazama, kisha amsomee mwingine kwa ghibu, kwa kuwa kusikilizwa ni bora kuliko kujisomea peke yake mara nyingi. Na aone haya kwa kadiri moja tu: akisoma na watoto, asiwakatishe zamu yao.

Akifika mahali ambapo hata akianziwa neno ulimi hausogei, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, pale pametoka. Hapo hahitaji kurudia, anahitaji kuhifadhi upya, na mtu mzima hana ulimi wa miaka sita. Ana akili ambayo mtoto hana. Basi hapo aitangulize maana: afungue tafsiri, ajue aya inasema nini, inamsema nani, na imeungana vipi na ya kabla yake, ndipo ayatie maneno kidogo kidogo, aya tatu kwa siku au moja, na kila siku aanze kwa ya jana.